Nyeupe ya Minyaa

Rangi nyingine zote zilikwisha patikana. Njano ilitoka kwenye kipande cha manjano kilichosagwa juu ya jiwe, kijani kwenye majani ya kunde yaliyopondwa na kukamuliwa kwa kitambaa kuukuu, kahawia kwenye maganda ya vitunguu yaliyochemshwa mpaka maji yakawa mazito. Damu ya mzee ilitoka kwenye bitiruti iliyooza upande mmoja, waliyopewa bure sokoni. Zambarau ilitoka kwenye zambarau zenyewe, na mdogo mtu, mtoto wa pili wa nyumba ile, alicheka siku nzima kwa sababu ya hilo, akirudia kumwambia kila aliyepita uani, "Zambarau inatoka kwenye zambarau!" Nyeusi haikuwa na taabu, mkaa ulikuwapo. Makopo yalipangwa chini ya dirisha, kila moja na kijiti chake kilichotafunwa ncha mpaka kikawa brashi.

Iliyowashinda ni nyeupe.

"Na nyeupe ndiyo niliyopewa mimi," alisema binti mkubwa. Alikuwa na miaka kumi, na kwa vile baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, majirani walimwita Fundi Mdogo. "Mwalimu kasema kila mtoto alete kopo moja la rangi yake, limejaa. Kasema, nyeupe nampa fundi, maana wengine hawataiweza."

Mwaka ule shule yao haikuwa na rangi wala fungu la kununulia. Mwalimu wa sanaa, msichana aliyemaliza chuo juzijuzi, alikuwa amewafundisha watoto kuzitengeneza kwa mimea. Wageni wenye kusaidia shule walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu, na mwalimu mkuu alitaka wakute ukuta mzima wa darasa umechorwa kwa rangi za watoto.

Baba mtu alikuwa amekaa kizingitini akivua viatu. Jioni ile alikuwa mweupe kuliko kitu chochote pale uani: nywele nyeupe, kope nyeupe, vidole vyeupe mpaka kwenye kucha. Ghorofa walilokuwa wakilipaka lilitakiwa liwe jeupe lote, ndani na nje.

"Baba," binti akasema, akimtazama mikono. "Niletee kidogo tu. Kifuniko kimoja cha soda."

"Haiwezekani, mwanangu. Msimamizi anatupekua getini kama wezi wa kuku. Juzi mwenzetu kakutwa na nusu kopo, mpaka leo hajarudi kazini."

"Hata ile inayobaki kwenye brashi?"

"Brashi tunaziosha mbele yake. Anayatazama maji mpaka yaishe mferejini. Halafu ninyi mmeambiwa rangi itoke kwenye mimea, sasa unataka kumdanganya mwalimu?"

Binti akaingia ndani, na baba akamsikia akimbembeleza mama yake kwa sauti ya chini.

"Unga?" mama akapaza sauti. "Unga wa kula?"

"Konzi moja tu, mama. Nikiukoroga na gundi ya mti unakuwa mweupe kabisa, nimejaribu kidogo kwa kidole."

"Konzi moja ndiyo uji wa mdogo wako kesho asubuhi. Mwambie mwalimu wako siku atakayokula rangi, mimi nitampa unga."

Baba alicheka. Alikuwa amechoka, na maneno ya mkewe yalimfurahisha. Binti alipotoka nje mikono mitupu, akiwa amekwisha jaribu majivu yakatoa kijivu, akamuuliza swali la mwisho: "Sasa baba, kitu gani cheupe kinatoka kwenye mti?"

"Maziwa," baba akasema, akijinyoosha mgongo. "Nenda ukaukamue mti, mwanangu."

Wakacheka wote, hata mama kule ndani. Fundi Mdogo hakucheka. Aligeuza kichwa taratibu akautazama uzio wa mwenye nyumba, ile minyaa mirefu isiyo na majani, vijiti vitupu vya kijani vilivyosongamana kuzunguka uwanja mzima. Baba alimwona akitazama. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulisema mbele ya mtu: kwamba alimwona.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, baba alikuwa ghorofa ya tatu, amesimama juu ya mbao, simu ikatetemeka mfukoni. Akaiacha. Ikatetemeka tena, na tena. Mara ya nne akaipokea, na jirani yao wa chumba cha pili akasema, "Njoo nyumbani, baba watoto. Njoo upesi. Ni mtoto, macho."

Msimamizi alikuwa chini, kwenye kivuli, na daftari lake. "Unakwenda wapi?"

"Mwanangu kaumia, bosi. Nipe saa moja tu."

"Hapa kila mtu ana mwana," msimamizi akasema bila kuinua uso. "Ukishuka, umeshuka."

Alishuka.

Alimkuta binti amechuchumaa mbele ya beseni, mama yake anammiminia maji kwa kikombe, na kila yalipomgusa alipiga ukelele mmoja mwembamba kama wa paka. Ndoo ilikuwa inaelekea kukauka. Bomba la uani lilikuwa na kufuli, kwa kuwa mwenye nyumba hakupenda watu wachezee maji, na mwenye nyumba alikuwa amekwenda harusini na ufunguo. Majirani walikuwa wanaleta walichonacho: huyu jagi, yule nusu chupa, mwingine maji aliyokwisha oshea mchele. Mama akayapokea yote.

Mdogo mtu alikuwa amejibana ukutani. Ndiye aliyeeleza, kwa pumzi za kukatikakatika.

"Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, baba. Akaifunga na kamba. Akaniambia mimi nisimame kule mbali, maana mama alisema minyaa inapofusha. Akakata kijiti, akakinga kopo, akakata kingine. Vilikuwa kumi, nilihesabu. Hicho kingine kikakataa kukatika, akakikunja, kikafyatuka. Akafumba macho lakini maziwa yake yalikwisha mwingia. Halafu akajifuta na ule mfuko."

"Macho yote mawili?"

"Kwanza lilikuwa moja. Alipojifuta ndiyo yakawa mawili."

Pale chini ya uzio kopo lilikuwa limesimama wima, halijamwagika hata tone. Lilikuwa limefika nusu. Utomvu wake ulikuwa mweupe pe, mzito, unaong'aa kama rangi ya dukani.

*

Zahanati ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi, mtoto katikati amefungwa khanga ya mama yake usoni, na baba aliposimama akaegemea ukuta, mfagizi akamwambia, "Usiegemee hapo na nguo hizo, utachafua." Akasogea. Ukuta ule aliupaka yeye mwenyewe, mwaka juzi, makoti mawili ya rangi.

Muuguzi alipowaita alikuwa amechoka, na uchovu ulimtoka kwa maneno. "Minyaa! Mama, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafua nguo za watu, dada."

"Unafua nguo za watu, mtoto wako anacheza na sumu. Halafu mnatuletea sisi tufanye miujiza."

"Sikuwa nacheza," mtoto akasema chini ya khanga, lakini muuguzi alikuwa anatafuta kitu kabatini.

Alimsafisha kadiri alivyoweza, akampaka mafuta ya dawa, akambandika pamba. Mtaalamu wa macho, akasema, huja Jumatatu na Alhamisi. Walipouliza kama kuna kwingine kwa kumpeleka, akawatajia hospitali ya macho, upande wa pili wa mji, kisha akaongeza kwamba nayo mwisho wa juma huwa na mlinzi tu. Pengine ilikuwa kweli, pengine sivyo. Hawakwenda kuhakikisha. Mtu akishaambiwa asubiri na aliyevaa nguo nyeupe, husubiri.

Jumapili maumivu yalizidi. Mtoto alijigonga kichwa ukutani, mama akawa anamwekea mkono ili agonge kiganja chake badala ya ukuta. Jirani wa chumba cha pili, kwa nia njema kabisa, akasema dukani kwa muuza dawa kuna matone yaliyomponya mwanawe macho mekundu, siku moja tu. Baba akatoka mbio. Muuza dawa hakuuliza ni jicho gani wala limepatwa na nini. "Hii inampoza kila mtu," akasema, akikifunga kichupa kwenye karatasi.

Na kweli ilimpoza. Baada ya matone matatu mtoto alinyamaza, baada ya saa moja akalala. Mume na mke wakatazamana, wakamshukuru Mungu. Mama hata akapata nguvu ya kumpikia mdogo mtu uji. Wakaendelea kumtonesha kila alipoamka, kwa wakati, bila kukosa.

*

Jumatatu mtaalamu wa macho alikuwa kijana mpole. Alimwangalia mtoto kwa kijitochi muda mrefu, akazima, akawasha tena. Kisha akakichukua kile kichupa mkononi mwa mama na kukisoma.

"Nani aliwapa hii?"

Mama akamtazama mumewe.

"Hii inanyamazisha maumivu," akasema, "lakini jicho lenye kidonda likitiwa dawa hii, kidonda hula ndani kwa ndani, bila kelele." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliowatisha kuliko ukali wa muuguzi. "La kulia limekwisha, baba. La kushoto tutalihangaikia."

Walilihangaikia siku kumi na moja, mtoto akiwa amelazwa hospitali ya macho. Mwishowe jicho la kushoto likabaki na uwezo wa kujua mlango umefunguliwa au umefungwa. Lilitambua mwanga na giza, basi. Siku ya kumtoa hospitali, daktari aliwaambia kuna shule ya wasioona, ya bweni, na kwamba mtoto mwenye akili kama yule akipelekwa mapema atafika mbali. "Lakini lazima apate barua ya shule yake ya sasa, imwombee nafasi. Bila barua hawamwangalii."

Kazini, mahali pa baba palikuwa pamekwisha chukuliwa. Alisimama getini asubuhi tatu, akimwamkia msimamizi kila mara, na kila mara msimamizi aliitikia kama mtu anayemfukuza nzi.

Siku ya tatu alirudi nyumbani mapema akamkuta mkewe anafua. Akasimama karibu naye, na bila kukusudia, bila hata kujua kama lingetoka, akasema, "Konzi moja ya unga, mama watoto."

Mkewe akaacha kusugua. Povu likawa linamchuruzika mikononi.

"Rudia."

"Alikuomba konzi moja."

"Na wewe ulimwambia nini?" Sauti yake haikupanda, majirani hawakusikia kitu. "Mimi nilimnyima unga. Wewe ulimwambia akakamue mti. Mwanamume mzima, unatembea na rangi mpaka masikioni, mwanao anakuomba kifuniko cha soda. Msimamizi! Uliogopa msimamizi. Yuko wapi sasa huyo msimamizi, aje akulinde?"

Mkewe akarudi kwenye nguo za watu, akazisugua kama mtu anayetaka kuzitoboa. Tangu siku ile walizungumza mambo ya nyumbani tu: maji, mkaa, zamu ya kumwongoza mtoto chooni.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni kufika, mwalimu mkuu alikuja. Alikuja na mwalimu wa sanaa, aliyetembea nyuma yake akiwa amekumbatia bahasha kifuani. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa na kitanda cha watoto, na Fundi Mdogo alikuwa amelala huko tangu mchana. Mama alikuwa amekwenda kurudisha nguo alizofua.

"Pole sana, mzee," mwalimu mkuu akasema, akikalia kiti pekee. "Shule nzima imesikitika. Binti hodari yule."

"Ahsante, mwalimu."

"Sasa, tumekuja kwa jambo la kusaidiana." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mwalimu wa sanaa akampa bahasha. "Mimi nimekwisha andaa barua ya kumwombea nafasi kule kwa wasioona. Barua nzuri, nimemsifia sana. Kilichobaki ni karatasi hii ndogo, ya kumbukumbu za ofisi. Unajua kesho tuna wageni. Maneno ya watu hayana mipaka. Mtu anaweza kusema shule iliwatuma watoto kuchuma sumu."

Akaisoma kwa sauti ya chini. Ilisema kwamba mtoto aliumia nyumbani, siku isiyo ya masomo, kwa kuchezea mmea wa hatari kwa utundu wake mwenyewe, bila kuagizwa na mwalimu yeyote, na kwamba mzazi hana dai lolote juu ya shule.

Mwalimu wa sanaa akasema ghafla, "Mimi ndiye niliyempa nyeupe."

"Mwalimu," mkuu akasema.

"Nilimpa kwa sababu alikuwa anawashinda wote. Nilimwambia atumie akili."

"Mwalimu, kaningojee nje."

Alitoka, mkono mdomoni. Baba aliitazama karatasi. Herufi alizijua, alikuwa amemaliza darasa la saba, na neno *utundu* lilikuwa pale katikati, limepigwa chapa vizuri. Alifikiri juu ya mifuko ile ya plastiki, jinsi mtoto alivyoifunga kwa kamba kwenye vifundo vya mikono. Alifikiri pia juu ya barua ile nyingine, iliyobaki ndani ya bahasha, kona yake ikichungulia.

"Nisipotia sahihi?"

"Mzee, nani kasema usitie? Tunasaidiana hapa." Mwalimu mkuu akatabasamu kwa huzuni, akaifungua kalamu yake, akamwekea juu ya goti. "Hiyo barua ya binti naipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu."

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Amelala, baba akajiambia. Akatia sahihi.

*

Wageni walikuja, wakaupiga picha ukuta, wakaondoka. Ulichorwa bila nyeupe. Jibu la shule ya wasioona lilikuwa linangojewa. Mwezi wa kwanza baba alisema bado ni mapema. Mwezi wa pili alisema ofisi zina mambo mengi. Fundi Mdogo alikaa kizingitini kila asubuhi ameoga, amesukwa, amevaa sare ya shule ya zamani, kwa kuwa ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aivue. Mdogo mtu alimfundisha kuhesabu hatua kutoka kitandani mpaka bombani. Makopo ya rangi yalikuwa yameota ukungu; mama aliyatupa yote siku moja, akaosha na mahali yalipokuwa.

Mwezi wa tano baba alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu hakuwapo. Alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa makao makuu ya elimu. Mwalimu wa sanaa alikwisha acha kazi. Mkuu mpya, mama mnene mwenye miwani ya kusomea, alimsikiliza mpaka mwisho, akalitafuta jalada, akalifungua.

"Barua ya kumwombea nafasi sioni nakala yake humu," akasema. "Wala rekodi ya kupelekwa. Kuna hii tu." Akaigeuzia karatasi upande wake. "Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Basi, baba, hapa umeandika mwenyewe. Kwa utundu wake, nje ya shule. Mimi nikiandika sasa kwamba shule inahusika, nitakuwa nampinga mtangulizi wangu. Na jina la binti lilikwisha futwa kwenye daftari la mahudhurio, muhula uliopita. Siwezi kumwombea mtoto ambaye si wangu." Alikuwa na huruma kweli, hata alivua miwani. "Jaribu ustawi wa jamii. Ila kule shule ya wasioona, nasikia nafasi za mwaka huu na ujao zimekwisha."

Alirudi kwa miguu. Mchana ulikuwa mkali, na alipoingia uani alimkuta binti kizingitini, na sare yake, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hatua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wamesemaje?"

Alikuwa amekwisha andaa uongo njiani, uongo mzuri tu, wenye Jumatatu ijayo ndani yake. Akakaa chini kando yake, akauacha uongo ule.

"Wamesema hapana. Barua haikupelekwa."

Binti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima anayeletewa habari ya msiba wa mbali.

"Na kosa ni langu," baba akasema. "Siku ile mwalimu mkuu alipokuja, kulikuwa na karatasi. Mimi—"

"Najua," binti akasema. "Nilikuwa macho. Nilisikia akisoma, halafu nikasikia kalamu."

Kule bombani mtu alifungulia maji, ndoo ikaanza kujaa. Baba alisubiri ndoo ile ijae.

"Kwa nini hukusema? Miezi yote hii?"

"Nilidhani ukishatia sahihi watanipeleka shule," akasema. "Nikaona basi, si kitu, waandike wanavyotaka." Akainyoosha sketi ya sare yake juu ya magoti, akaipapasa mikunjo mmoja baada ya mwingine. "Lakini sikuwa nachezea, baba. Ilikuwa kazi ya shule."

"Najua, mwanangu."

"Basi mbona hukuwaambia?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni na beseni la nguo, amesimama. Alikuwa amesikia. Alimtazama mumewe, akingoja naye jibu. Kisha akaliweka beseni chini, akamshika binti mkono akamwinua.

"Njoo ndani," akasema. "Njoo tuvue hizo nguo."